Ugonjwa wa siliaki: bima inalipia kipimo, je, inamlipia mtaalamu wa lishe?

Mgonjwa wa siliaki nchini Marekani hukutana na jambo moja linalowachanganya wengi. Vipimo vya damu vilivyougundua ugonjwa wake vililipiwa na bima, na kipimo cha kamera kilichothibitisha kwamba utumbo umeharibika nacho kililipiwa. Kisha daktari akamwambia kwamba tiba pekee ni kuacha gluteni maisha yake yote, akampa rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa lishe, na hapo majibu yakaanza kugongana. Mapokezi ya hospitali wanasema bima yake inakubaliwa. Anayepokea simu kwenye kampuni ya bima anasema huduma hiyo imo, ila kwa masharti. Bili inayofika wiki kadhaa baadaye inamtaka alipe kila kitu mwenyewe. Jambo gumu kulipokea ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli.

Ili kuufungua mkanganyiko huo ni lazima kwanza tuelewe kwa nini mtaalamu wa lishe ana uzito mkubwa hivyo katika ugonjwa huu kuliko katika magonjwa mengi mengine.

Gluteni ni jina la protini zilizomo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka jamii ya ngano iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Kwa watu walio wengi protini hizo ni chakula tu. Kwa mwenye siliaki, mfumo wa kinga huziona kama adui, na katika kupigana nazo huushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyama vidogo mithili ya manyoya ya taulo, na kupitia hivyo virutubisho hufyonzwa na kuingia kwenye damu. Mashambulizi yakiendelea, manyoya hayo hulala na kusagika, taulo ikabaki kitambaa kilichochakaa, na kitambaa kilichochakaa hakinyonyi maji. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri na bado akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa ikapoteza uimara, au mtoto akadumaa bila sababu inayoonekana. Ugonjwa huu humpata takribani mtu mmoja kati ya kila 100, nao si mzio wa ngano wala si tumbo kuchagua chakula. Ni ugonjwa wa kinga, na kwa aliye na mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto mwenye siliaki uwezekano wa kuwa nao ni mkubwa zaidi.

Mwaka 1888 daktari wa Uingereza, Samuel Gee, aliandika kwamba kama mgonjwa wa namna hii anaweza kupona, basi ni kwa njia ya chakula. Hakujua ni chakula kipi. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1940 daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aonyeshe kwamba kisababishi ni ngano na nafaka za jamii yake. Tangu hapo sayansi imeelewa mengi, lakini mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani kutibu siliaki. Tiba ni chakula, na anayejua kuipima tiba hiyo, kuieleza na kuisimamia ni mtaalamu wa lishe. Katika ugonjwa huu yeye ndiye mfamasia.

Msomaji anaweza kuuliza: kuacha vyakula vitatu kunahitaji mtaalamu kweli? Orodha ya kwenye intaneti haitoshi? Swali ni la haki, na jibu lake limo kwenye hesabu.

Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takribani gramu mbili za gluteni, yaani miligramu 2,000. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinaweza kuuharibu tena utumbo uliokuwa umeanza kupona, na wataalamu wengi huchukulia miligramu 10 kwa siku kuwa kiasi ambacho wagonjwa walio wengi hukivumilia. Ukikikata kipande hicho cha mkate vipande 200, kipande kimoja kati ya hivyo, chembe isiyojaza hata ncha ya kidole, ndiyo posho ya siku nzima. Kanuni ya mwaka 2013 ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaruhusu pakiti kuandikwa kwamba haina gluteni ikiwa iliyomo ni chini ya miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Kwa hiyo hata anayekula nusu kilo ya vyakula hivyo kwa siku, vyote vikiwa vimegusa ukomo huo, hupata miligramu 10. Kanuni hiyo imepimwa vizuri. Hatari iko kwingine.

Iko jikoni. Mtaalamu mahiri hatamwuliza mgonjwa tu anakula nini. Atamwuliza tambi za wengine nyumbani huchujwa kwa chujio gani, na kama hizo zisizo na gluteni huchujwa kwa chujio hilo hilo. Atauliza kibaniko cha mkate ni kimoja au viwili. Atauliza kisu kilichopaka siagi kwenye mkate wa ngano hurudi wapi, kwa sababu jibu la kawaida ni kwamba hurudi ndani ya kopo, na kopo hilo hilo ndilo mgonjwa atakalochota kesho asubuhi akiamini siagi haina gluteni. Siagi kweli haina. Chembe zilizobaki juu yake zinayo.

Iko pia kwenye maandishi ya pakiti. Sheria ya vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, ya Marekani ya mwaka 2004 inataka ngano itajwe kwa jina kwenye chakula kilichofungashwa, lakini haisemi hivyo kuhusu shayiri wala rai. Aliyefundishwa kutafuta neno "ngano" peke yake atasoma pakiti ya nafaka ya asubuhi yenye kimea cha shayiri, asione ngano popote, akaiweka kikapuni kwa moyo mweupe. Kutokuwa na ngano na kutokuwa na gluteni ni mambo mawili, na sijui kosa jingine la kawaida linaloumiza zaidi ya hili, kwa sababu anayelifanya ni mgonjwa makini anayesoma kila neno.

Sasa turudi kwenye bima. Mkanganyiko mwingi unatokana na maswali matatu yanayoulizwa kana kwamba ni moja: je, huduma imo katika kitita cha mafao? Je, fedha zinatoka mfukoni mwa nani leo? Na je, anayetoa huduma anaujua ugonjwa huu?

Swali la kwanza halina jibu moja kwa nchi nzima. Wapo wanaokatiwa bima na mwajiri, wapo wanaojinunulia, wapo walio kwenye Medicare, ambayo ni bima ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na wapo walio kwenye Medicaid, inayohudumia wenye kipato kidogo chini ya usimamizi wa kila jimbo. Tangu mwaka 2002 Medicare imelipia matibabu ya lishe yanayotolewa na mtaalamu, saa tatu kwa mwaka wa kwanza na saa mbili kwa kila mwaka unaofuata, kwa rufaa ya daktari na bila mgonjwa kuchangia. Lakini mafao hayo yametajiwa magonjwa yake: kisukari, ugonjwa wa figo kwa asiyesafishwa damu kwa mashine, na aliyepandikizwa figo ndani ya miezi 36. Siliaki haimo. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari anakaa na mtaalamu bila kulipa senti, na jirani yake wa umri huo huo mwenye siliaki, ambaye tiba yake yote ni chakula, hapati hata dakika moja kwa fao hilo. Muswada wa kuipanua orodha hiyo, unaoitaja siliaki kwa jina, umewasilishwa bungeni zaidi ya mara moja, ukiwemo mwaka 2021 na 2023, bila kupitishwa.

Mimi naona hapo mfumo unajipinga wenyewe. Kulipia kipimo cha kamera kisha kukataa kumlipia anayefundisha tiba ni sawa na kumlipia mtu nauli hadi kwenye dirisha la dawa, kisha kumfungia dirisha.

Bima za kampuni binafsi hutofautiana mno. Nyingine huweka matibabu ya lishe kwa ugonjwa wowote ilimradi daktari ameandika kuwa yanahitajika, nyingine huyafungia kwenye kisukari na unene, nyingine huhesabu idadi ya ziara kwa mwaka. Waajiri wengi wakubwa hulipa gharama za matibabu kutoka mfuko wao wenyewe, na kampuni ya bima ambayo nembo yake iko kwenye kadi hufanya kazi ya kushughulikia madai tu. Bima za namna hiyo zinaongozwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo agizo la jimbo kwa kampuni za bima huenda lisizihusu. Ndiyo maana wafanyakazi wawili wenye kadi za nembo moja hupata majibu tofauti, na hakuna aliyedanganywa. Kwa watoto walio kwenye Medicaid hali ina nafuu kidogo, kwani sheria ya shirikisho inayataka majimbo yawapatie walio chini ya miaka 21 huduma ambazo ni za lazima kitabibu. Mzazi aliyekataliwa anayo hoja ya kusimamia.

Imani moja inayoenea sana ni kwamba ushauri wa lishe ni bure kwa sheria. Ina mzizi wa kweli. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi zilipie bila mchango huduma fulani za kinga, na mojawapo ni ushauri wa lishe kwa watu wazima walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Siliaki iliyokwisha kugunduliwa inatibiwa, haikingwi, kwa hiyo huduma yake huanguka kwenye kapu jingine lenye masharti mengine.

Swali la pili, la nani analipa leo, ndilo linaloleta bili isiyotarajiwa. Bima nyingi zina kiasi cha kujilipia kwanza. Fikiria tangi la maji ambalo koki yake imepachikwa karibu na juu: kila mwaka tangi huanza likiwa tupu, na ni wewe unayelijaza kwa fedha zako hadi maji yafike kwenye koki, ndipo bima ianze kutiririsha. Tuseme kiasi hicho ni dola 2,000 na ziara moja kwa mtaalamu ni dola 160. Huduma imo kwenye kitita, mtaalamu yumo kwenye mtandao wa bima, yaani kati ya watoa huduma wenye mkataba nayo, dai limepokelewa na kukubaliwa bila tatizo, na bado mgonjwa wa mwezi Januari atalipa dola 160 zote, wakati mwenzake wa Novemba aliyelazwa mwaka huo huo hulipa mchango mdogo au asilipe kitu. Neno "imekubaliwa" kwenye barua ya bima lina maana ya kwamba bei ni ile ya mkataba na kwamba malipo yako yamehesabiwa ndani ya tangi. Halina maana ya kwamba bima imetoa fedha.

Hapa inafaa kuisoma barua yenyewe kwa karibu. Ziara ya kwanza kwa mtaalamu wa lishe huandikwa kwa msimbo 97802, na za kufuatilia kwa 97803. Kila msimbo unahesabu dakika 15, kwa hiyo ziara ya kwanza ya saa moja huonekana kama 97802 mara nne, jambo linalowafanya wengi wadhani wametozwa mara nne kwa makosa. Pembeni yake hukaa msimbo wa ugonjwa, na wa siliaki ni K90.0. Ukikuta hapo msimbo wa kujaa gesi au wa maumivu ya tumbo, umeipata sababu mojawapo ya kukataliwa: mashine iliyosoma dai haikuona siliaki, iliona tumbo linalouma. Ofisi iliyotuma dai inaweza kulisahihisha na kulituma upya, na mara nyingine simu moja inatosha.

Inafaa pia kutofautisha mtaalamu na mkate. Bima za Marekani kwa kawaida hazilipii vyakula visivyo na gluteni, ingawa bei zake ni kubwa kuliko za vyakula vya kawaida. Italia huwapa wagonjwa wake posho ya kila mwezi ya kuvinunulia. Marekani inaruhusu ile tofauti ya bei ihesabiwe kama gharama ya matibabu kwenye kodi ya mapato, lakini kwa anayeorodhesha makato yake moja moja, na kwa sehemu ya gharama zote za matibabu inayozidi asilimia 7.5 ya kipato chake. Kwa wengi haifiki huko.

Swali la tatu ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi, kwa sababu huachwa nyuma wakati watu wanapopigania malipo. Huduma iliyolipiwa inaweza kuwa mbovu.

Tuanze na vyeo. Mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa nchini Marekani amesoma chuo kikuu, amefanya mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi na kufaulu mtihani wa taifa, na tangu tarehe 1 Januari 2024 anayetaka kuufanya mtihani huo kwa mara ya kwanza ni lazima awe na shahada ya uzamili. Mshauri wa lishe asiye na usajili huo anaweza, katika majimbo kadhaa, kuwa mtu yeyote aliyeamua kujiita hivyo. Bima kwa kawaida humlipa wa kwanza. Lakini hata usajili huo ni wa lishe kwa ujumla wake, na anayeshinda siku nzima na wagonjwa wa kisukari huenda akapitisha miezi bila kumwona mwenye siliaki. Jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 2004 liliorodhesha mambo sita ya msingi katika kuutibu ugonjwa huu, na la kwanza lilikuwa kuonana na mtaalamu wa lishe aliye mahiri. Hilo neno mahiri halikuwekwa kwa mapambo. Orodha ya mtandao wa bima hukuonyesha nani ana mkataba. Haikuambii nani ni mahiri.

Utamjuaje? Anaomba majibu ya vipimo vyako kabla ya kukupa ushauri: kiwango cha madini ya chuma, folati, vitamini B12, vitamini D, na kwa mtu mzima huuliza kama mifupa imepimwa. Anajua kwamba unga wa ngano ulioboreshwa nchini Marekani huongezwa asidi ya foliki, ambayo ni aina ya folati, kwa lazima tangu mwaka 1998, ilhali unga mbadala usio na gluteni haulazimiki, kwa hiyo anayebadilisha mkate kwa mkate, biskuti kwa biskuti, anaweza kuondoa gluteni na pamoja nayo akaondoa folati, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Ndiyo maana ile imani kwamba chakula kisicho na gluteni ni bora kwa kila mtu haina mguu wa kusimamia. Keki isiyo na gluteni inabaki kuwa keki. Anauliza kuhusu dawa na virutubisho vya vidonge. Anaieleza nafaka iitwayo oti kwa uangalifu: yenyewe si ngano, na wagonjwa walio wengi huimudu, lakini huchanganyika na ngano shambani na kinuni, kwa hiyo ni ile iliyothibitishwa kuwa safi tu, na wachache hudhurika hata kwa hiyo. Anakwambia kwamba maziwa yanayokuletea shida sasa huenda usiyaache milele, kwa kuwa uwezo wa kuyameng'enya mara nyingi hurudi utumbo ukipona.

Sifa hii ya mwisho nadhani ndiyo inayowatenganisha zaidi. Mtaalamu dhaifu huongeza makatazo. Aliye mahiri humrudishia mgonjwa vyakula. Wengi hufika kwake wakiwa wameacha nusu ya jiko kwa hofu, wameacha siki, wameacha viazi, wameacha kula kwa marafiki, na sehemu kubwa ya saa ile ya kwanza huenda katika kuwaambia hiki rudisha, na hiki pia rudisha.

Dalili za huduma duni nazo zinaonekana. Karatasi moja ya orodha na kwaheri. Ushauri wa "kupunguza" gluteni, jambo lisilokuwepo katika siliaki. Kuuziwa vidonge ofisini. Kuambiwa kwamba usiposikia maumivu basi uko salama, wakati utumbo unaweza kuendelea kuharibika kimya kimya kwa mtu asiyehisi chochote. Na lililo baya kuliko yote, kumwambia mtu ambaye bado hajapimwa aanze kuacha gluteni aone kama atajisikia vizuri: akiiacha, kingamwili zinazotafutwa na vipimo vya damu hushuka na utumbo huanza kupona, kipimo kikaonyesha hana ugonjwa alionao, na ili kuujua ukweli italazimu ale tena kitu kinachomdhuru kwa wiki kadhaa.

Ziara moja haitoshi. Baada ya ile ya kwanza hufaa kuwa na nyingine ndani ya miezi mitatu hadi sita, kisha angalau mara moja kwa mwaka pamoja na kipimo cha kingamwili, maana maswali ya kweli huja baada ya mtu kurudi nyumbani, akasafiri, akaalikwa harusini. Bima inayotoa ziara moja kwa mwaka imelipia sura ya kwanza ya kitabu.

Kabla ya kuonana naye, basi, piga simu mbili. Kwa bima, uliza kama 97802 na 97803 zinalipiwa kwa ugonjwa K90.0, ziara ngapi kwa mwaka, kama rufaa au kibali cha awali kinahitajika, na umejaza kiasi gani cha kujilipia kwanza. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya mazungumzo. Kwa ofisi ya mtaalamu, uliza huona wagonjwa wangapi wa siliaki na huwafuatilia vipi. Kama kwenye mtandao wa bima hakuna hata mmoja anayeujua ugonjwa huu, omba kwa maandishi uruhusiwe kumwona aliye nje ya mtandao kwa masharti ya aliye ndani. Bima nyingi zina utaratibu huo, ila hazikutangazii.

Na ukikataliwa, kwa bima nyingi una siku 180 tangu upokee barua ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe, na ikishindikana huko unaweza kudai mapitio ya mtu huru wa nje ambaye uamuzi wake unaifunga kampuni. Barua ya daktari inayoambatana na rufaa haihitaji kuwa ndefu. Itaje jibu la kipimo cha utumbo, itaje upungufu uliopatikana kwenye damu, na iandike waziwazi kwamba hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu na kwamba matibabu yanayoombwa ndiyo pekee yaliyopo.